Kompyuta Yangu Ilikuwa na Kadi ya Kliniki

Siku subira yangu ilipokatika, nilimnyang'anya Fundi mashine ya kukaushia nywele, nikabonyeza kitufe cha moto, nikamwelekezea usoni. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, ndani ya saluni moja ya Yeoville, Johannesburg, mbele ya wanawake wawili waliokuwa wamepakwa dawa kichwani na hawakuweza kukimbia. Kompyuta yangu ilikuwa mezani kwake, imevuliwa ubavu mmoja, matumbo nje. Ndani yake kulikuwa na kazi yangu ya mwisho ya cheti cha ualimu wa chekechea, kurasa thelathini na mbili, iliyotakiwa kufika ofisini Braamfontein kesho yake kabla ya saa kumi jioni. Bila kazi ile hakuna cheti. Bila cheti ningeendelea kukaa kwenye chumba kimoja na mtoto mgongoni, nikichapa wasifu wa watu wengine wanaokwenda kuomba kazi.

Fundi hakurudi nyuma hata hatua moja. Alifumba macho tu, ndevu zikapepea, kisha akasema kwa ule upole wake wa kuudhi:

"Mama Neema, rudisha kwa baridi. Moto inaharibu."

Hakuwa anazungumzia uso wake. Alikuwa anazungumzia kompyuta iliyokuwa nyuma yake.

Sasa mniache niwaeleze mtu huyu ni wa namna gani, maana nikiwaambia tu kwamba nilimpuliza moto, mtaona mimi ndiye mwenye matatizo.

Jina lake niliwahi kuliona mara moja kwenye karatasi za uhamiaji alizokuwa amezifunga kwenye mfuko wa plastiki dhidi ya vumbi. Nikalisahau hapo hapo. Kila mtu alimwita Fundi, na yeye alijiita Fundi. Alitoka Kongo, upande gani sijui, na Wakongo wenzake walibishana juu ya hilo bila kumuuliza. Alikuwa amepanga kona moja ndani ya saluni, nyuma ya mlango, meza moja na kiti kimoja cha mteja. Kona ile ilikuwa mahali pabaya kuliko pote Johannesburg pa kutengenezea kompyuta. Nywele za bandia zilielea hewani kama manyoya ya kuku siku ya sikukuu. Nilipomuuliza kwa nini asihame, alinionyesha kwa kidevu ile mashine ya kukaushia nywele. Hewa ya baridi, inayotoka taratibu, na umeme wa Mama Saluni, mwenye saluni. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba alichagua kukaa ndani ya tatizo kwa sababu dawa ilikuwa humo humo.

Utaratibu wake haukubadilika. Kwanza alizima, akachomoa plagi, akagusa chuma ili mwili wake utulie. Halafu alifungua ubavu, akazuia feni kwa kidole kimoja, kwa sababu feni ikizungushwa na upepo wa nje, alisema, inachanganyikiwa. Kisha akapuliza. Sekunde kumi, anapumzika. Sekunde kumi, anapumzika. Palipogoma alitumia brashi ya kupakia rangi ya kucha. Pakigoma zaidi, alichukua kile kitana chenye mkia mrefu wa kugawanyia nywele, akavuta uchafu polepole, ulimi nje pembeni ya mdomo. Mama Saluni alikuwa akipiga kelele kwamba kitana hicho kinarudi kichwani kwa mteja. Fundi alimjibu kwamba kinarudi kikiwa safi kuliko kilivyokuja.

Vumbi kwake lilikuwa kama maandishi. Alikuwa anasoma. Kulikuwa na vumbi la njano la vilima vya migodi, linalokuja Agosti. Kulikuwa na vumbi la zulia, la kijivu, linalojikunja kama panya aliyelala. Kulikuwa na unga wa biskuti, ambao aliuita vumbi la mama, akinitazama. Siku moja aliinua kichwa kutoka ndani ya kompyuta yangu akaniambia nimebadilisha pazia. Kweli nilikuwa nimebadilisha. Sikufurahi hata kidogo. Mtu hatakiwi kujua mambo ya chumba chako kupitia tundu la feni.

Kipaji hicho kilimponza kwa mchungaji mmoja. Mchungaji alileta kompyuta ya kanisa, mwenyewe kavaa suti, akakaa kwenye kiti akisubiri. Fundi alifungua ubavu, akapitisha kidole, kidole kikatoka kahawia na kinata. Akakinusa. Kisha akatangaza, kwa sauti ileile ya kawaida na saluni nzima ikisikia, kwamba mashine hii inavuta sigara, tena pakiti nzima kwa siku. Mchungaji alisema ni katibu. Fundi, ambaye hakujua kunyamaza, akautazama mkono wa mchungaji, akauliza kama katibu ndiye mwenye hicho kidole cha njano. Mchungaji akaondoka na hakurudi tena, hata kuchukua kompyuta. Na hapa ndipo utakapomjua Fundi: aliiweka rafuni, na kila miezi mitatu aliishusha, akaifungua, akaipuliza, akaipangusa, akairudisha. Miaka miwili. Mashine ya mtu aliyeikimbia.

Huyo huyo mtu, kompyuta yake mwenyewe haikuwa na ubavu kabisa. Ilikaa wazi mwaka mzima, na alikuwa akila chikwanga, ule mkate wa muhogo wa kwao, na samaki juu yake. Maganda ya karanga yalilala kati ya nyaya. Sisi wateja tulikatazwa hata kunywa maji karibu na kibodi. Nilipomuuliza, alisema, "Hii inanijua," akaendelea kumenya. Halafu tena, mtu aliyeweza kusubiri sekunde kumi mara mia mbili bila kuchoka alikuwa akivuka kwenye robot, zile taa za barabarani za Rockey Street, zikiwa nyekundu, mikono mfukoni, huku madereva wa teksi wakimtukana kwa lugha tatu.

Habari ya kadi ni kosa langu. Nilikuwa nimemleta mwanangu Neema saluni siku moja tukitoka kliniki, na kadi yake ya kliniki ikaanguka chini ya meza. Fundi aliiokota, akaisoma pande zote mbili kwa makini kama hati ya nyumba. Mistari ya uzito, tarehe za chanjo, sahihi ya nesi. Aliponirudishia alikuwa amepata wazo. Wiki iliyofuata kila kompyuta ya Yeoville iliyopita mikononi mwake ilikuwa na kadi ya manila, imekatwa kwa ukubwa uleule, imechorwa kwa mkono. Chanjo ilikuwa programu ya kuzuia virusi. Tarehe za kupulizwa. Maoni ya fundi. Na mchoro wenye mstari, ambao haukuonyesha uzito bali nafasi iliyobaki kwenye diski. Mstari wa kompyuta yangu ulikuwa unashuka kila mara, kwa sababu mume wangu alikuwa anajaza nyimbo.

Mnajua kilichofuata. Kadi mbili za ukubwa mmoja ndani ya mkoba mmoja. Nilifika kliniki, nimesimama foleni tangu saa moja, nikampa nesi kadi. Alitazama mstari ule unaoporomoka miezi tisa mfululizo. Akamtazama Neema, aliyekuwa na mashavu kama maandazi na mguu mmoja tayari mezani. Akatazama tena mstari. Akamwita nesi mwenzake. Wakaniuliza kwa Kiingereza mtoto anakula nini, kwa sauti ile ya kumsemesha mtu anayekaribia kunyang'anywa mtoto. Mwenzake akageuza kadi, akasoma kwa taabu maandishi ya Kiswahili asichokijua, akaniuliza maana yake. Nikalazimika kutafsiri, pale mbele ya akina mama wote: "Anakoroma akiwashwa. Amefunguliwa na kupulizwa. Arudi baada ya miezi mitatu."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Fundi kumtukana. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema ni vizuri manesi wameuona ule mstari, labda sasa mume wangu atapunguza nyimbo.

Basi nikasema nitalalamika rasmi. Na hapo ndipo Fundi alipokuwa na silaha yake kubwa. Mezani, limefungwa kwa uzi pamoja na kalamu, kulikuwa na daftari gumu jekundu. Juu ameandika: MALALAMIKO. Alijivuna kwamba lipo wazi kwa kila mtu na kwamba halijawahi kuandikwa hata herufi moja. Watu wapya walidhani ni kwa sababu anafanya kazi nzuri. Wenyeji tulijua ni kwa sababu ya maswali. Kila ukurasa alikuwa ameupiga mistari na kuandika maswali, nawe ilibidi uyajibu kabla hujafika kwenye nafasi ya lalamiko. Jina. Mashine. Tarehe ya kadi. Na la nne: mara ya mwisho kuifunika mashine yako ni lini?

Hakuna aliyewahi kulivuka swali la nne. Hakuna mtu Johannesburg nzima aliyekuwa anafunika kompyuta yake. Alitushauri wote tushone vifuniko, akatuelekeza hata kwa mshonaji, na sote tukasema ndiyo Fundi, kesho. Mtu alikuwa anakuja anawaka, anachukua kalamu, anaandika jina kwa hasira kiasi cha kutoboa karatasi, anafika swali la nne, anasimama. Fundi anatazama dari. Mtu anachana ukurasa, anautia mfukoni, anatoka. Mimi peke yangu nilichana kurasa tatu.

Turudi kwenye ile Alhamisi.

Nilikuwa nimempelekea kompyuta Jumanne kwa sababu tarehe ya kadi ilifika na mimi, mpumbavu, niliitii. Aliniahidi nusu siku. Jumatano akaniambia imechoka, imelala, nisiiamshe. Alhamisi nikaikuta uchi mezani, na nikafanya nilichofanya. Baada ya kumrudishia mashine ya nywele, kwenye baridi, alinionyesha alichokivuta kwenye feni kwa kitana: msokoto mweusi wa nywele za bandia, mrefu kama kidole. Akasema bado siku chache tu feni ingesimama na kila kitu kingeungua. Sikumshukuru. Nilimuuliza itaisha lini.

Alifunga ubavu, akawasha, akaanzisha kile alichokiita kupanga nyumba. Diski, alisema, ni kama chumba cha mtu mwenye mtoto mdogo: soksi moja kitandani, nyingine jikoni. Mashine inachoka kuzitafuta. Kwa hiyo lazima zikusanywe, zipangwe. Kwenye kioo vikatokea viboksi vya rangi, vikawa vinahama kimoja kimoja. Neema, mgongoni mwangu, akavikodolea macho kama katuni. Nikasema azime, mimi nataka kazi yangu tu, soksi zibaki jikoni. Akasema kukatiza katikati ni hatari, vitu vinaweza kupotea njiani. Tukakaa. Saa nne. Saa tano. Viboksi vinahama. Nikahesabu matofali ya ukuta.

Saa sita kasoro kidogo, Mama Saluni alichomeka mashine mbili kubwa za kukaushia kichwa kwa pamoja. Umeme wa saluni ulikuwa ule wa kununua kabla, na yuniti zikaisha. Mlio mmoja mdogo, kisha giza kwenye kioo.

Mwanamke mmoja chini ya ile kofia ya joto aliuliza kama nywele zake zitaharibika, na mwenzake akamfinya. Mimi niliketi sakafuni, kwenye nywele. Sikulia. Nilikuwa nafikiria usiku wote niliochapa na Neema mapajani, akibonyeza herufi zake katikati ya zangu, na mimi nikizifuta. Kurasa thelathini na mbili. Kesho saa kumi.

Fundi aliinuka, akachukua rafuni kopo la maziwa ya mtoto, akalifungua. Ndani kulikuwa na disketi nne, zimefungwa kwa kitambaa, juu yake maandishi yake mazuri: NEEMA 1, NEEMA 2, hadi nne.

"Jumanne, kabla ya kugusa kitu," alisema. "Kwanza nakala. Kila mara ni kwanza nakala."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia tangu Jumanne.

"Hukuuliza. Weye unauliza tu itaisha lini."

Ningempiga. Nasema kweli, nilikuwa nimeshaangalia ile mashine ya nywele, ila haikuwa na umeme.

Yuniti ziliponunuliwa, aliziingiza disketi kwenye kompyuta yake mwenyewe, ile ya maganda ya karanga. Ikawaka bila kukohoa. Kazi yangu ilikuwepo yote. Tukaihamishia kwenye disketi moja, nikavuka barabara nayo hadi duka la simu na intaneti, nikachapa kila kitu, karatasi zikatoka za moto, nikazifunga bila kuzihesabu. Ijumaa saa nane nilikuwa Braamfontein, nikapigiwa mhuri.

Wiki kadhaa baadaye bahasha ikarudi. Nilifaulu, lakini kwa sharti. Cheti kingeshikiliwa mpaka nijibu, kwa ukurasa mmoja, hoja iliyotolewa ukurasa wa thelathini na tatu.

Mimi sikuwa na ukurasa wa thelathini na tatu.

Nikaufunua, mwishoni mwa kazi iliyorudishwa. Kiingereza hakikuwa changu. Kichwa chake kilisema: Maoni ya Fundi. Aliandika kwamba amesoma kazi hii alipokuwa anahakikisha nakala inafunguka, na kwamba anamheshimu mama aliyeiandika. Lakini ukurasa wa kumi na nne mama anasema mtoto aachwe acheze na udongo, kwa sababu udongo unamfundisha. Yeye amefungua mashine nyingi katika maisha yake na hajaona hata moja iliyosaidiwa na vumbi. Anaomba kamati ilitazame jambo hili. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, msahihishaji ameandika: hoja nzuri, mwanafunzi ajibu.

Nilijibu kwa mkono, kwa wino, kwa hasira, usoni mwa karatasi na nyuma. Niliandika kwamba mtoto hana ubavu wa kufunguliwa. Kwamba kompyuta ukiiacha kwenye vumbi inasimama, lakini mtoto ukimwacha kwenye udongo anajenga nyumba, anapika ugali wa matope, anamkaribisha mwenzake ale. Kwamba kompyuta haiogi. Niliandika mengine ambayo siyakumbuki, na mengine niliyafuta kwa sababu yalikuwa matusi. Cheti kikaja. Mpaka leo sijawahi kuandika kitu kizuri kuliko ukurasa ule, na hilo nalo linaniudhi.

Siku niliyopata cheti nilikwenda saluni na kalamu yangu mwenyewe. Nikafungua daftari jekundu. Jina. Mashine. Tarehe ya kadi. Swali la nne. Fundi akatazama dari. Nikachana ukurasa wa nne katika maisha yangu, nikatoka.

Halafu nikapata kazi kwenye chekechea kule Bertrams, maisha yakanibeba, kompyuta yangu ya zamani ikafa kwa amani, na miaka ikapita bila mimi kukanyaga Yeoville.

Nilimtafuta mwaka ambao Neema aliingia darasa la pili. Ofisi moja ya Sandton ilikuwa imeipa chekechea yetu kompyuta mbili walizozichoka, na mojawapo ilikoroma. Niliutambua mkoromo ule kutoka mlangoni. Nikaenda saluni. Ilikuwa imepanuka, na kwenye kona ya nyuma ya mlango palikuwa na meza ya kucha. Mama Saluni, aliyenenepa na kupungua ukali, akaniambia Fundi, papa wa mavumbi kama alivyomwita, yuko Mayfair siku hizi. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba tangu aondoke vitana vinadumu lakini saluni imepooza.

Nilimkuta kwenye baraza ya duka la Msomali, nyuma ya sanduku la kioo. Ndevu nyeupe. Anauza vifuniko vya simu na kufungua simu zilizofungwa. Nilisimama mbele yake, mkono kiunoni. Alimtazama Neema kwanza.

"Mstari umepanda," alisema.

Neema akaniuliza kwa Kiingereza huyu malume, huyu mjomba, ni nani. Nikamwambia ni mtu aliyetaka kukufunika na shuka usipate vumbi. Fundi alicheka, kisha akaniambia hali ilivyo. Hakuna anayeleta kompyuta kupulizwa. Watu wanasubiri ife, wananunua nyingine. Alipita saluni zote na maduka yote kuwaeleza, wakamwona kama anauza bima. Ile kompyuta ya mchungaji aliihudumia mpaka siku yake ya mwisho Yeoville, kisha akaiacha kanisani mlangoni, ikiwa na kadi yake juu. Wakati akizungumza kidole chake kilikuwa kinapangusa kioo cha sanduku, pale pale, safi tayari.

Chini ya sanduku niliona kopo la maziwa. Na kando yake, na uzi wake, daftari jekundu.

Aliona ninavyoliangalia. Akalitoa, akalifunua mbele yangu ukurasa hadi ukurasa, jeupe lote, na nikaona lilivyokuwa jembamba kwa kurasa zilizochanwa. Alijivuna kama zamani, lakini safari hii hakutazama dari. Nikamwambia anipe kalamu. Niliegemea kioo chake safi nikaandika, na sikuchana. Hiki ndicho nilichokiandika, neno kwa neno:

Jina: Mama Neema. Mwalimu.

Mashine: Mbili. Moja inakoroma.

Tarehe ya kadi: Hazina kadi, na hilo ni sehemu ya lalamiko.

Mara ya mwisho kuifunika mashine yako ni lini: Jana saa nane na nusu mchana. Zote mbili. Kwa kitenge changu mwenyewe.

Lalamiko: Fundi alihama bila kuwaarifu wagonjwa wake. Amesoma kazi ya mtu bila ruhusa, ameandika ndani yake bila ruhusa, na hajawahi kusikia majibu. Chekechea ina watoto ishirini na sita. Wana vumbi miguuni, mikononi na masikioni, kama nilivyoeleza ukurasa wa kumi na nne, na sitawaosha kabla hajafika. Nataka aje Jumanne saa tatu asubuhi, na brashi yake, na hoja yake. Watamjibu wenyewe. Mashine ya kukaushia nywele nimeshainunua. Nimeiweka kwenye baridi.